Nyota ya heshima haiongezi pensheni

Mzee mstaafu akipandishwa cheo cha heshima jeshini, wengi husema: "Kumbe sasa pensheni yake itanona!" Kwa Marekani, sivyo hata kidogo.

Mchukue Charles McGee, rubani wa kikosi cha Tuskegee, kikosi cha marubani weusi wa jeshi la Marekani. Aliruka mara 409 vitani: Vita vya Pili vya Dunia, Korea, kisha Vietnam. Alistaafu mwaka 1973 akiwa kanali. Tarehe 4 Februari 2020, McGee akiwa na miaka 100, Rais Trump alimbandika nyota mabegani ofisini Ikulu, akawa brigedia jenerali. Usiku huohuo, Rais alipolihutubia Bunge, mzee alisimama kwenye roshani ya wageni akapiga saluti, kitukuu wake akiwa kando yake.

Picha ilipendeza, lakini mfukoni hakikubadilika kitu. Sheria ya huko inasema wazi kwamba cheo cha heshima hakigusi malipo ya uzeeni wala marupurupu. Anayepewa cheo hicho huendelea kulipwa kwa cheo alichostaafu nacho. Hapewi kikosi cha kuamrisha, wala harudishwi kambini.

Anachopata ni jina. McGee aliitwa jenerali, na kwa mtu aliyeanza kuruka wakati jeshi la nchi yake likiwatenga weusi na weupe, hilo si dogo.

Wala si zawadi ya kugawa kiholela: Bunge lilipitisha kwanza sheria ya kuidhinisha cheo hicho cha McGee. Alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 102.