Kuandaa nyumba ya kuuza: dhana zinazowagharimu wauzaji

Wengi wakiamua kuuza nyumba, kitu cha kwanza wanachokimbilia kununua ni rangi. Wanasahau kwamba mnunuzi haji kutafuta uzuri peke yake. Anakuja na wasiwasi wa kutumbukiza akiba yake mahali pabaya, na kila anachokiona kinauongeza wasiwasi huo au kinaupunguza. Kuandaa nyumba ni kuuondoa wasiwasi huo kwa haki.

Dhana: Rangi mpya inafunika kila kitu

Kwenye ukuta mkavu, rangi mpya ni pesa iliyotumika vizuri. Kwenye ukuta wenye unyevu ni hasara. Maji yaliyomo ukutani hutafuta pa kutokea. Yakizuiwa na rangi isiyopitisha hewa, rangi huvimba malengelenge kisha hubanduka. Yakipata upenyo, hukauka usoni mwa ukuta na kuacha chumvi nyeupe inayopukutika ukiigusa. Mnunuzi mzoefu akiona ukuta mmoja umepakwa rangi jana na mitatu imeachwa ilivyo, huuendea huo huo mmoja na kuweka kiganja.

Tafuta chanzo kwanza. Bandika kipande cha foili ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache siku moja au mbili. Ukikuta unyevu nyuma ya foili, unatoka ndani ya ukuta: pengine bomba linavuja, mfereji wa paa umeziba, au maji yanapanda kutoka ardhini. Ukiukuta upande wa chumbani, ni mvuke wa kupika na kuoga unaotua kwenye ukuta baridi, na hapo kinachotakiwa ni hewa kupita. Ukisharekebisha, vumilia. Plasta iliyolowa huchukua wiki nyingi kukauka, ndiyo maana kazi hii inapaswa kuanza kabla hata hujampigia dalali simu.

Dhana: Ukarabati mkubwa unarudisha pesa zote

Mara nyingi haurudishi. Nchini Marekani hutolewa ripoti kila mwaka zinazolinganisha gharama za ukarabati na kiasi kinachorudi nyumba ikiuzwa. Jiko la kifahari kwa kawaida hurudisha pungufu ya lilivyogharimu, huku mlango mpya wa mbele au wa gereji ukifanya vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka: kabati ulizozichagua kwa mapenzi yako, mnunuzi anaweza kuzing'oa mwezi wa kwanza tu.

Mimi ningeanza na vitu vidogo vinavyoguswa kwa mkono. Kitasa kinachocheza, swichi iliyopasuka, mlango unaokwaruza sakafu, bomba linalodondosha tone moja moja. Ni kazi ya siku chache kwa fundi mmoja, lakini mgeni akivikuta vinne mfululizo, ataanza kujiuliza paa nalo limetunzwaje.

Dhana: Harufu inaisha kwa kupuliza manukato

Pua ya mwenye nyumba imezoea, kwa hiyo haimwambii ukweli. Mwite mtu asiyeishi hapo aingie na kusema anachonusa. Manukato makali humfanya mgeni ashuku kuna kitu kinafichwa. Fua mapazia, fungua madirisha, na usisahau bafu lisilotumika. Lile bomba lililopinda chini ya sinki hushika maji kidogo yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Maji hayo yakikauka, harufu inaingia ndani. Fungulia maji ya bomba kwa dakika moja na kinga inarudi.

Dhana: Anza na bei ya juu sana, utashuka baadaye

Wanauchumi David Genesove na Christopher Mayer walichunguza mauzo ya makazi ya ghorofa katikati ya jiji la Boston, Marekani, katika miaka ya 1990, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wamiliki waliokuwa hatarini kuuza chini ya bei waliyonunulia walitaja bei za juu kuliko wengine. Kweli, waliofanikiwa kuuza walipata zaidi kidogo, ila nyumba zao zilichelewa sana kuuzika. Mwenye muda wa kusubiri anaweza kujaribu. Mwenye haraka asijaribu, kwa sababu nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu huzua maswali hata kama haina kasoro, na ulicholipa wewe zamani hakimhusu mnunuzi.

Dhana: Nyumba tupu huonekana kubwa

Chumba kisicho na kitu ni kigumu kukikadiria. Mtu hajui kitanda kitaenea au la, na macho yanabaki kwenye nyufa. Acha fanicha chache, toa zilizozidi, ondoa mizigo inayoziba madirisha.

Dhana: Kasoro ukiinyamazia, baada ya kuuza haikuhusu tena

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Katika nchi nyingi, muuzaji aliyeficha kwa makusudi kasoro anayoijua anaweza kushtakiwa hata baada ya funguo kukabidhiwa. Na kabla ya kufika huko kuna familia ya watu inayohamia chini ya paa linalovuja. Sema mapema, kabla ya kuanza kujadili bei. Ulichotengeneza, onyesha risiti za fundi. Ulichoshindwa kutengeneza, pata makadirio ya gharama kutoka kwa fundi na uyaweke pamoja na hati za nyumba, vibali vya ujenzi na bili zilizolipwa, ili mnunuzi ayasome mwenyewe siku atakayokuja kutazama.