Ya kale ni dhahabu, ila mvinyo wa Mpunguzi unywe mapema

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mpunguzi na wageni sita walioshuka kwenye treni asubuhi. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, karibu kila wikendi napigiwa simu na mtu anayetaka kuzungushwa kwenye mashamba ya zabibu na kwa familia zinazosindika wenyewe. Kiwanda cha familia ni chumba cha uani: simtanki tatu au nne, kinu cha kuvunjia zabibu, ndoo zilizooshwa zikalazwa kifudifudi juani. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri, akafungua Chenin Blanc, mvinyo mweupe, ya zabibu zilizovunwa Agosti, akatumiminia. Harufu ya mapera na maganda ya limau ikajaa baraza. Mzee mmoja kati ya wageni akanusa, akauliza, "Mama, huu ni wa mwaka huu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi tuletee ule uliokaa. Sisi tunataka wa zamani."

Nililoliogopa likatokea. Mama akaingia ndani, akarudi na chupa mbili zilizobaki tangu mwaka juzi, zilizokuwa juu ya kabati, chini ya bati. Mvinyo ambao ulipaswa kuwa na rangi ya majani makavu ulikuwa umegeuka chai ya rangi. Mzee akanywa taratibu, akatikisa kichwa kwa heshima. "Eeh, huu ndio wenyewe." Alichokunywa kilikuwa na ladha ya tofaa lililong'atwa likaachwa mezani kutwa nzima. Ile chupa nzuri, kazi ya mikono ya mama yule, ikabaki imejaa nusu.

Nimechoka na jambo hili. Ninashauri wasindikaji wadogo kuanzia Hombolo hadi Bihawana, na imani kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa bora inawatia hasara hawa watu kuliko ndege na ugonjwa wa ubwiri unga.

Najua inakotoka. Tumelelewa na "ya kale ni dhahabu", na kanisani tumesikia kwamba aliyekunywa divai ya kale hatamani mpya. Sawa, lakini sura hiyohiyo ya Luka inaonya kuhusu divai mpya kupasua viriba vikuukuu, na hapo mwandishi anasema jambo ambalo kila msindikaji analijua: mvinyo mpya bado unachacha, unatoa gesi, na gesi isipopata njia hupasua kilichoizuia. Divai mpya ya siku zile ilikuwa kitu kinachochemka. Chenin ya Agosti iliyotulia, ikasafishwa na kufungwa, ni kitu kingine kabisa.

Kuna mvinyo unaostahimili miaka. Ule mwekundu wenye ukakasi mwingi na asidi kali, kama Barolo ya Italia. Ule wenye sukari nyingi mno. Ule ulioongezewa pombe kali, kama Madeira, ambao pia umeshapashwa moto kwa makusudi, hivyo joto halina jipya la kuuharibia. Na yote hiyo, ukiacha Madeira, inahitaji pishi lenye baridi. Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia hii hutengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ufaransa wana Beaujolais Nouveau, inayoanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na watu huisubiri kwa hamu.

Sasa njoo Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai utavaa sweta, lakini mchana jua halina mzaha. Zabibu inayoiva kwenye joto huichoma asidi yake ya maliki ikiwa bado mtini. Sukari inapanda, asidi inashuka, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi kinachopanda ukali unaposhuka, inapanda. Wageni wengi hupenda kuongelea utamu, mimi naangalia pH kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama salfa, dawa ya kuhifadhi mvinyo, itafanya kazi.

Hapa naomba uvumilivu wako. Salfa tunayotia kwenye mvinyo haifanyi kazi yote. Sehemu ndogo tu ndiyo inayoua bakteria, na ukubwa wa sehemu hiyo unategemea pH. Ili mvinyo mweupe ulindwe ipasavyo, kwenye pH 3.2 unahitaji takribani miligramu 21 za salfa huru kwa lita. Kwenye pH 3.8 unahitaji karibu 80 kupata ulinzi uleule. Mara nne! Familia isiyo na kipimo cha pH hutia kijiko kilekile msimu hadi msimu, kwa sababu mwaka jana kilitosha. Mwaka huu zabibu zilichelewa kuvunwa wiki moja, pH imepanda, kijiko hakitoshi tena, na hakuna atakayejua hadi Krismasi. Ndiyo maana nikifika kwa familia mpya jambo la kwanza nawaomba wanunue kipimo cha pH kabla ya kununua lebo za kung'aa, na watie asidi ya tartari kwenye juisi ya zabibu kabla haijaanza kuchacha.

Kinachoniudhi zaidi ni pale mgeni yuleyule anayetaka mvinyo wa zamani anapouliza kwa ukali, "Hamjaweka kemikali humu?" Chagua moja. Mvinyo usio na salfa, uliotengenezwa uani, unywe mapema na uutunze kama maziwa. Kuutaka usiwe na salfa na pia uwe umekaa miaka mitano ni kuomba siki.

Na mvinyo mtamu una hatari yake. Familia nyingi hutengeneza mtamu kwa sababu ndio unaouzika. Mara nyingi hawana chujio la kuzuia hamira, kwa hiyo sukari inabaki chupani pamoja na hamira hai, na kuchacha huweza kuanza upya humo ndani. Weka chupa hiyo sebuleni Dar es Salaam, Januari, kwa nia ya kuifungua siku ya harusi ya binti yako. Nimepigiwa simu mara tatu kuhusu chupa zilizopasuka usiku. Mara moja vioo vilifika kwenye kitanda cha mtoto, na mtoto kwa bahati alikuwa amelala chumba cha bibi yake. Mvinyo mtamu wa familia unywe ndani ya miezi, na ukae kwenye friji.

Kuna suala la mwaka kwenye lebo, nalo nitalipitia haraka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, unazaa mara moja, hivyo mwaka unakuambia kitu. Kwetu mzabibu haulali. Unaupogoa, na miezi minne hivi baadaye unavuna. Ndiyo sababu tuna mavuno mawili, moja wakati wa mvua, Februari na Machi, na jingine wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba. Zabibu za Machi zimepigana na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, mara nyingi zimenyonya maji, na mtu huzivuna mapema kwa hofu ya kuoza. Za Agosti zimekunywa maji ya bomba kwa kipimo na zimepata usiku wa baridi. Chupa mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kama mahindi mabichi na makavu. Kwa hiyo ukifika kwa mama wa Mpunguzi, au Hombolo, au Mvumi, uliza umevunwa mwezi gani, ulifungwa lini, na chupa zinakaa wapi. Atakuheshimu, na hatakuletea za juu ya kabati.

Lakini kuna yanayonisumbua, na sitayaficha. La kwanza ni hayo mavuno mawili. Kwa miaka mingi nimewaambia wakulima kwamba mzabibu unaozaa mara mbili unachoka na zabibu zake hazina uzito wa ladha, wavune mara moja tu, kiangazi. Baba mmoja wa Matumbulu alinisikiliza, akaacha mavuno ya Machi. Mvinyo wake wa Agosti ulikuwa mzuri, ingawa siwezi kuapa kwamba ulizidi wa jirani yake anayevuna mara mbili. Ninachojua ni kwamba mwaka huo ada za watoto zilimshinda. Sijawahi tena kutoa ushauri huo bila kuuliza kwanza nyumba inakula nini.

La pili ni mwekundu wa Makutupora. Nilichimba shimo chini ya sakafu ya stoo yangu, nikazika chupa 12 za sanduku moja, za mavuno ya Agosti, pH nzuri, salfa ya kutosha. Mwaka wa tatu nilifungua moja, nikakaa kimya. Ukakasi ulikuwa umelainika, tunda bado lipo, na palikuwa na harufu ya ngozi na tumbaku ambayo sikuitegemea. Mwaka wa nne nikafungua nyingine kwa furaha, mbele ya wageni. Ilikuwa imekufa. Sanduku moja, shimo moja. Nashuku kizibo, ila ya tatu niliyoifungua kuhakikisha haikuwa nzima wala haikuwa imekufa, ilikuwa katikati. Zimebaki tisa.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba Dodoma haiwezi kutoa mvinyo wa kukaa. Ninachosema ni kwamba chupa aliyoletewa yule mzee haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na mama alijua. Tulipokuwa tunaondoka aliniita pembeni, akaniuliza kama aanze kuweka baadhi ya chupa za mwaka huu, maana wageni wanazitaka za zamani na wanalipa zaidi. Nilimwambia auze zote kabla ya Pasaka. Akanitazama, akatazama noti alizoachiwa na yule mzee kwa zile chupa mbili, akazikunja na kuzifunga kwenye pindo la kanga.