Chesisi ya Lori la Jeshi Imeundwa Isokotwe, Acheni Kuifunga Boksi

"Fundi, chomelea pote, halafu funga boksi kabisa, isichezecheze." Kauli hii kuhusu chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori, nimeisikia Mbalizi, nimeisikia Mafinga, nimeisikia kwenye simu kutoka Tukuyu kwa mtu ambaye hata lori lenyewe bado hajalinunua. Juzi nimeletewa Bedford RL, lori la jeshi la Mwingereza, ambalo tayari limeshafanyiwa hayo yote. Ribiti (zile pini za chuma zilizogongwa vichwa ili kushika vyuma pamoja) zimekatwa kwa grenda, krosimemba (vyuma vya kukatiza vinavyounganisha mihimili) zimechomelewa mzunguko mzima, na sahani nene ya chuma imeziba upande wa wazi wa mihimili yote miwili mirefu ya chesisi, kuanzia nyuma ya kabini mpaka karibu na hanga ya springi ya nyuma. Mwenye lori anataka kupandishia watalii Hifadhi ya Kitulo. "Sasa haitikisiki, fundi," ananiambia, na uso unang'aa.

Ndilo tatizo lenyewe, mzee wangu.

Lori la jeshi lenye magurudumu yote yanayosukuma halikuundwa kwa ajili ya lami. Chukua barabara ya Isyonje kwenda Kitulo wakati wa masika: gurudumu la mbele kulia limepanda kichuguu, la nyuma kulia limezama kwenye mtaro. Springi zake ni za mapande, ngumu, zimepimwa kubeba tani kadhaa. Lori likiwa tupu springi hizo karibu hazijui kwamba kuna kitu kimewekwa juu yake. Basi nani atatoa nafasi ili matairi yote manne yabaki chini? Chesisi. Inajisokota, mbele inaelekea huku na nyuma inaelekea kule, kisha inarudi. Simama nyuma ya lori la aina hii likivuka mtaro kwa mshazari uangalie kabini na bodi: kila kimoja kina mlalo wake. Watu wakiona hivyo husema chesisi imechoka. Haijachoka, iko kazini.

Ukienda vijijini Iringa au Njombe huhitaji hesabu kulielewa hili, unahitaji mwanzi. Shika kipande kizima cha mwanzi mkavu ukisokote kwa mikono miwili: hakisogei. Sasa kipasue ufa mmoja kwa urefu wake wote, ukisokote tena. Kinasokotwa kama si kile, lakini ukikilaza juu ya mawe mawili na kukikanyaga katikati bado kinabeba uzito. Mhimili wa chesisi wenye umbo la C, yaani ukuta wima na mabawa mawili, moja juu na jingine chini, ni huo mwanzi uliopasuliwa. Unabeba mzigo kwa kimo chake, na unakubali kusokotwa kwa sababu upande mmoja uko wazi.

Kwa wanaotaka tarakimu: mhimili wa C wenye kimo cha milimita 200, mabawa ya milimita 70 na unene wa milimita 6, ukiufunga kuwa boksi kwa sahani ya unene uleule, ugumu wake dhidi ya kusokotwa unapanda karibu mara 300. Si asilimia, ni mara. Ugumu wa kubeba mzigo wima hauongezeki hata mara mbili. Yaani umelipa fundi, umenunua sahani, umemaliza vijiti vya kuchomelea, na kitu ulichoongeza zaidi ni kile ambacho lori halikukihitaji.

Sasa msokoto hauondoki kwa kuwa umeukataa. Mtaro wa Isyonje bado uko palepale. Sehemu uliyoifunga haisokotwi, kwa hiyo msokoto wote unakwenda kumalizikia kwenye kipande kifupi kilichobaki wazi, na hasa pale sahani inapoishia. Kama sahani imekatwa mraba na mshono ukapita juu ya bawa kutoka ukingo hadi ukingo, umechora mstari wa kukatia. Ufa utaanzia kwenye ncha ya mshono, utaingia bawani, kisha utashuka kwenye ukuta wa mhimili. Halafu watu watasema chuma cha Mwingereza siku hizi ni kibovu. Siku hizi! Lori la muundo wa 1953!

Nimejiuliza imani hii imetoka wapi, na nadhani nimeipata: Land Rover. Nyanda za juu kusini wote tumekua na Land Rover 109. Land Rover za zamani kweli zina chesisi ya boksi, imechomelewa kwenye kona kwa urefu wote, na zimepanda milima hii miaka na miaka. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia kwenye Land Rover anaona C ya Bedford kama boksi ambalo kiwanda kiliishiwa chuma kabla ya kulimaliza. Lakini Land Rover ni gari dogo, fupi, na boksi lake linaanzia mbele mpaka nyuma, si kipande cha katikati. Kila kilichofungwa juu yake kilipangwa kwa kujua kwamba chini hapasogei. Na tuseme ukweli: chesisi za Land Rover zinaozea ndani, maji na tope vikishaingia kwenye boksi havina pa kutokea, na unakuja kujua siku unapopiga nyundo ikazama. Ukifunga C ya lori kuwa boksi umeazima na ugonjwa huo pia. Mhimili wa wazi unausafisha kwa brashi mchana mmoja na unaona kila kitu.

Kuna wanaoniletea mfano wa Unimog, lori la Kijerumani. Vizuri, mmeniletea mfano wangu. Unimog S, ile 404 iliyoanza kutengenezwa 1955, chesisi yake iliachwa isokotwe kwa makusudi, na kabini na bodi vikawekwa juu ya egemeo tatu tatu ili msokoto wa chesisi usivifikie. Wajerumani walikuwa na chuma cha kutosha kufunga boksi kama wangetaka.

Turudi kwenye ribiti, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Ribiti ikipigwa ya moto, nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, inajaza tundu lote, kisha ikipoa inafupika na kuvuta vyuma viwili pamoja. Haichomi mhimili, haibadilishi chuma cha pembeni, na chini ya mzigo mkubwa kiungo kinaruhusu mwendo mdogo sana bila kupasuka. Mshono wa kuchomelea hauruhusu. Tena, malori mengi ya aina hii yana krosimemba zilizoshikwa kwenye ukuta wa C, mabawa yameachwa huru. Mhimili ukisokotwa, mabawa yake yanateleza kidogo kwa urefu, moja mbele, jingine nyuma. Ukichomelea krosimemba kwenye mabawa umeyazuia, na pale ulipoyazuia ndipo patakapopasuka. Baadhi ya krosimemba kiwanda chenyewe kilizishika mpaka kwenye mabawa, hasa karibu na hanga za springi, na hizo ziache vilevile. Usisawazishe kila kitu kwa sababu umeona picha ya lori jingine.

Kama ribiti imelegea (utaona kutu ya unga mwekundu imeizunguka, na ukiigonga kwa nyundo ndogo huku kidole kiko upande wa pili unasikia inacheza), itoe: toboa kichwa, isukume nje kwa tindo butu. Usiipashe moto wa gesi. Watu wa kupiga ribiti ya moto vizuri huku kwetu siwapati, kwa hiyo natumia bolti za daraja la 8.8 au 10.9 zenye shingo laini inayokaa ndani ya vyuma vyote viwili, uzi unaanzia nje. Tundu linapanuliwa kwa rima mpaka bolti iingie kwa kugongwa kidogo. Bolti inayoingia yenyewe kwa mkono na kuchezacheza ndani ni pambo tu. Je, bolti ni sawa na ribiti ya moto? Vitabu vitakwambia ndiyo, ikikazwa ipasavyo. Mimi naona inakaribia. Kwenye hanga ya springi ya nyuma, chini ya mzigo wa magogo, bado sijaridhika nayo kama ningeridhika na ribiti.

Kutu niipitie haraka. Huku hatuna chumvi ya barabarani kama Ulaya, lakini tuna mbolea. Lori lililobeba mbolea za chumvichumvi misimu kadhaa, halafu likalala nje Rungwe ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, linaliwa pale ambapo vyuma viwili vimelaliana. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inatanuka katikati ya sahani ya kuongezea nguvu na mhimili, inavibenua vyote viwili na kukata vichwa vya ribiti. Hapo hakuna rangi wala dawa ya kumimina. Tenganisha, safisha, paka praima yenye zinki pande zote mbili, rudisha. Kupuliza mchanga ni kuzuri kama una mashine na kinga ya kweli ya pua na mdomo. Vumbi la mchanga linaua mapafu, na kitambaa cha usoni si kinga. Oili chafu? Inazuia kutu, sikatai. Sehemu nzima kuliko zote kwenye kila chesisi ninayoivua ni ile iliyokuwa chini ya injini inayovuja. Lakini usiniletee chesisi iliyoogeshwa oili ukataka rangi ishike wiki hiyo hiyo.

Kupima pia kwa haraka. Weka chesisi juu ya stendi nne pale ekseli zinapokaa, dondosha timazi kutoka kwenye matundu yaleyale kulia na kushoto, weka alama za chaki sakafuni, pima pembe kwa pembe. Tofauti ya milimita 3 silali macho kwa ajili yake. Ikifika 10, mhimili mmoja umekimbia mbele na lori litakuwa linatembea upande. Ila kabla ya kusema chesisi imesokotwa, pima sakafu yako kwanza. Sakafu nyingi za gereji zetu zimesokotwa kuliko malori yaliyomo.

Kutafuta nyufa, kuna njia ya zamani ya karakana za reli ambayo bado naiamini: pakaza mafuta ya taa, acha yanywewe, futa kabisa mpaka pakauke, kisha paka chokaa nyembamba. Ufa utayatema mafuta na mstari utajitokeza juu ya weupe. Angalia nyuma ya kabini, kwenye hanga za springi, kwenye kikalio cha boksi la usukani, na kila tundu ambalo mtu alilitoboa bawani ili afunge bumpa au tangi. Bawa halitobolewi. Toboa ukuta.

Ufa ukiwa ukutani na mfupi, toboa tundu dogo mbele kidogo ya ncha yake, uchimbe ufa kwa grenda kama V mpaka chini, chomelea kwa kijiti cha 7018 kilichokaushwa. Zile 6013 za dukani ni za mageti. Na 7018 iliyokaa wazi kwenye unyevunyevu wa Mbeya inaingiza haidrojeni kwenye mshono, kwa hiyo pasha kwanza kwenye tanuri. Baada ya hapo saga mshono usawa, ukisaga kwa kufuata urefu wa mhimili, maana mikwaruzo ya kukatiza nayo ni mianzo ya nyufa. Ufa ukiwa umekata bawa zima, tafuta mhimili mwingine. Najua ni gharama.

Lile Bedford la Kitulo nalivua sahani. Nakata mishono kwa diski nyembamba, si kwa gesi, kisha nasaga mpaka chuma cha asili. Lakini chuma kilichopashwa moto pembeni ya mshono hakirudi kuwa kilivyokuwa, na mafuta ya taa yananionyesha ufa uliokwisha kufunguka, hayanionyeshi uchovu wa chuma unaosubiri. Mwenyewe aliniuliza litadumu miaka mingapi. Nikamwambia sina jibu la kumuuzia, na kwamba abebe watu wachache kuliko anavyopanga mpaka tuone msimu mmoja wa mvua.

Bodi likirudi juu, lilaze kwenye mbao ngumu, yubolti za nyuma zikazwe, za mbele ziwe na springi ili bodi liinuke kidogo chesisi inaposokotwa. Ukilifunga bodi la chuma kwa bolti pande zote, umeifunga chesisi boksi kwa njia nyingine na maneno yote ya juu yamekuwa ya bure.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, rudisha spana kwenye kila bolti ya krosimemba na hanga. Futa kwa kitambaa cheupe kuizunguka kila moja. Ukipata unga mwekundu, bolti hiyo inacheza: usiikaze tu ukaondoka, itoe, pima tundu, weka yenye saizi inayofuata.