Vifusi vya Dimorphos vilikwenda wapi

Tangu pete ya chuma ianguke kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, tunaendelea kuulizwa swali lile lile: je, si masalio ya ile asteroidi waliyoigonga Wamarekani? Hapana. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza siku chache baadaye kwamba pete ile, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilitoka kwenye roketi. Asteroidi hiyo, yaani jiwe la angani linalozunguka Jua, inaitwa Dimorphos, nayo ni lundo la mawe na vumbi. Lundo la mawe halizai pete ya chuma.

Chombo kiitwacho DART cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiliigonga Dimorphos makusudi, kujaribu kama mgongano unaweza kubadili njia ya asteroidi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa 8:14 kwa saa za Afrika Mashariki, kilomita milioni 11 kutoka duniani. Darubini ndogo za watu wa kujitolea kisiwani Réunion, na hata hapa Nairobi, zilinasa mfumo ule, yaani Dimorphos na asteroidi kubwa inayoizunguka, ukiongezeka mwanga ghafla. Mwanga huo ulikuwa wa vumbi lililokuwa likitoka.

Wengi hudhani vipande viliruka kisha vikadondoka, kama kokoto chini ya nyundo. Dimorphos ina upana wa mita 150 tu, na uvutano wake ni hafifu mno: jiwe likirushwa kwa sentimita kumi hivi kwa sekunde laweza kuondoka lisirudi. Mtoto anayetambaa huenda kasi kuliko hapo. Kwa hiyo zaidi ya tani 1,000 zilitoka kwa umbo la faneli iliyofunguka sana, na baada ya hapo kila kipande kikafuata njia kulingana na ukubwa wake.

Vumbi laini lilisukumwa na mwanga wa Jua wenyewe. Ndiyo, mwanga husukuma. Duniani hatuuhisi, lakini punje nyepesi iliyo angani haina pa kujishikiza. Siku mbili tu baadaye, darubini ya SOAR huko Chile iliona mkia wa zaidi ya kilomita 10,000. Changarawe nzito zilibaki nyuma, na baadhi zilirudi kutua juu ya Dimorphos au juu ya Didymos, asteroidi kubwa inayozungukwa nayo. Mwezi Desemba mwaka huo huo, darubini ya Hubble ilihesabu mawe 37, kubwa kuliko yote likikaribia mita 7, yakijitenga taratibu kwa chini ya kilomita moja kwa saa. Yaelekea yalikuwa yamelala juu ya uso, yakatikiswa tu.

Vifusi hivi ndivyo vilivyofanya sehemu kubwa ya kazi. Vikitoka upande mmoja, asteroidi husukumwa upande wa pili, kama bunduki inavyomrudisha nyuma mpigaji. Msukumo ulioipata Dimorphos unakadiriwa kuwa mara 3.6 ya ule wa chombo peke yake. Muda wake wa kuizunguka Didymos, saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa dakika 33. Kupungua kwa sekunde 73 tu kungetosha jaribio hilo kuitwa mafanikio.

Je, mawe yale yatatufikia? Mahesabu hayaonyeshi hivyo. Hatuwezi kuapa kwa kila punje ya vumbi, lakini punje ikifika huungua juu angani kama vimondo vya kila usiku.

Kinachoanguka vijijini ni suala jingine, na lina utaratibu. Usikiguse, kwani mabaki ya roketi yanaweza kuwa na mafuta yenye sumu. Zuia watoto, piga picha kwa mbali, andika mahali na saa, kisha mwarifu chifu au kituo cha polisi. Usikate kipande uuze. Chini ya Mkataba wa Anga wa 1967, kifaa kilichorushwa angani hubaki mali ya mwenyewe hata kikiangukia shambani mwako. Makubaliano ya 1968 yanahusu kukirudisha, na mkataba wa 1972 unaibebesha nchi iliyokirusha fidia ya hasara iliyotokea ardhini. Picha na taarifa yako ya mapema ndiyo huwa msingi wa dai hilo. Ukishakisogeza, umetuharibia ushahidi, na umejiharibia mwenyewe.

Kuhusu Dimorphos, kovu la mgongano bado halijaonekana: DART ilivunjika papo hapo, na vumbi likalifunika mbele ya LICIACube, kichombo cha Waitaliano kilichopita dakika tatu baadaye. Chombo Hera cha Ulaya, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika mwishoni mwa 2026 kulipima.