Je, wajua kwa nini mateka wa Yuda waliosubiri kurudi kwao waliambiwa wapande bustani?

Yeremia 29:11 umebandikwa kila mahali, kuanzia kadi za mahafali hadi vioo vya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Wengi hawapandi juu mistari sita tu, hadi wa 5, ambako watu haohao wanaambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini. Mtu anayelilia kurudi kwao anapandaje miti kwa yule aliyemteka?

Maneno hayo yanatoka kwenye barua ya nabii Yeremia. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira Yerusalemu, akamchukua Yekonia, mfalme wa Yuda, mama yake, mafundi na wafua chuma, akawapeleka Babeli. Walipokuwa huko, nabii Hanania alitangaza hekaluni Yerusalemu kwamba yote yangekwisha ndani ya miaka miwili. Yeremia akawaandikia: hadi Babeli itimize miaka 70.

Tofauti hiyo inaamua mtu atafanya nini akiamka asubuhi. Chukua mtende, mti ulioilisha Babeli. Ukipanda chipukizi lake, utasubiri miaka minne hadi minane ndipo uonje tende. (Sisi husema fulani "ameota mtende" kwa bahati, kule ulitaka kumwagiliwa mwaka baada ya mwaka.) Aliyemwamini Hanania hakuwa na sababu ya kuchimba hata shimo. Ndiyo hasara ya tumaini lenye tarehe ya kubuni: linamfanya mtu akae juu ya mizigo.

Na kweli walipanda. Vibao vya udongo kama 200, vya kati ya mwaka 572 na 477 K.K., kutoka Al-Yahudu, yaani "mji wa Yuda", na vijiji vya jirani, vinawaonyesha Wayuda wakilima mashamba, wakikopeshana, wakilipa madeni kwa shayiri na tende.

Kuna neno moja linaloshika barua nzima. Katika mstari wa 7 wanaambiwa wautakie mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa katika amani yake nao watapata amani. Neno hilo limetajwa mara tatu, na kwa Kiebrania ni lilelile la mstari wa 11, "mawazo ya amani". Kwa hiyo amani waliyoahidiwa ilianza kupitia jirani wa Kibabeli, kisima chake na soko lake. Tena "ninyi" ni wingi. Kutoka 597 hadi Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeishinda Babeli, alipotoa ruhusa ya kurudi, 538 K.K., ni miaka 59. Aliyetekwa na miaka 30 angekuwa na 89. Wengi walizikwa hukohuko, na hata hivyo barua iliwahusu.

Anayesubiri leo aanze na karatasi. Andika kila ulichokiahirisha kwa neno "nikipata": nikipata ajira nitaingia kwaya, nikihamia kwangu nitanunua kitanda (na godoro liko sakafuni mwaka wa tatu). Chagua viwili vinavyowezekana kwa kipato cha sasa, kimoja cha matunda ya karibu, kingine cha mbali. Kama una kiwanja, mchicha huvunwa wiki ya tatu au ya nne, mwembe wa kubebeshwa huchukua miaka mitatu au minne; panda vyote, kwa sababu mchicha ukiwa peke yake unakuacha ungali mpitaji. Kisha tenga saa mbili kwa wiki kwa ajili ya mtaa: kumfundisha hesabu mtoto wa jirani, kusafisha mtaro. Ukiomba, itaje zahanati na mwenyekiti wa mtaa kwa jina.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, kumwekea Mungu tarehe kwenye mkesha wa Desemba 31. Ifikapo Novemba, sala inakuwa kudai deni. Pili, kudhani kwamba kupanda ni kukata tamaa. Shemaya, mmoja wa mateka, alifikiri hivyo: aliandika Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe mkatale. Lakini mstari wa 12 na wa 13 vinawataka walewale wenye majembe wamwite Mungu na kumtafuta kwa moyo wote.

Ila mstari wa 6, "oeni wake, mkazae wana", usimtupie anayesubiri mchumba au mtoto. Mateka walizuiwa kurudi kwao, hawakuzuiwa kuoa. Huyu kilichofungwa kwake ni hichohicho. Bustani yake itafute upande mwingine wa maisha yake.

Ruhusa ilipokuja, Ezra 2 inahesabu watu 42,360 waliorudi. Aliyewaongoza alikuwa mjukuu wa Yekonia, aliyezaliwa ugenini, jina lake Zerubabeli. Wataalamu wengi hulitafsiri "mbegu ya Babeli".