Je, wajua kwa nini gari la mwaka 1935 liliuzwa dola milioni 22?

Agosti 2018, huko Pebble Beach, California, kampuni ya Gooding & Company ilinadi gari la wazi la watu wawili, lenye paa la turubai la kukunja: Duesenberg SSJ ya mwaka 1935. Makadirio ya kabla ya mnada yalikuwa kwamba lingevuka dola milioni 10. Liliuzwa kwa milioni 22, ada ya mnada ikiwamo. Hadi siku hiyo hakuna gari lililoundwa Marekani lililokuwa limefikia bei hiyo mnadani.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa Gary Cooper, mwigizaji wa Hollywood, na wengi huishia hapo wakitafuta sababu. Jina lake lilichangia, lakini magari mengi ya mastaa hayafiki hata robo ya bei hiyo. Jibu hasa limo katika namna magari ya kifahari yalivyouzwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Zama hizo mara nyingi tajiri hakununua gari zima. Kiwanda cha Duesenberg kule Indianapolis kilimuuzia chesisi: fremu ya chuma, injini, giaboksi, magurudumu, radieta na bonneti. Mwaka 1929 chesisi ya Model J, aina ya Duesenberg ambayo SSJ ilitokana nayo, iligharimu dola 8,500, bila mlango wala kiti, wakati Ford Model A nzima ilipatikana kwa takriban dola 500. Kisha chesisi ilipelekwa kwa wajenzi wa bodi, kama Murphy wa Pasadena au Rollston wa New York, na huko ndiko mteja alikoamua gari lake lifanane na nini. Aliyewahi kuona mabasi yetu yakijengwa ataelewa haraka, maana mpaka leo Kenya na Tanzania chesisi nyingi za mabasi hupelekwa karakana zikiwa tupu, zikavishwa bodi kwa matakwa ya mwenye mali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Seremala alijenga kiunzi cha mbao ngumu, mfua bati akalipiga bati la alumini kwa nyundo hadi likakaa juu ya mbao bila bonde, kisha wakaja watu wa rangi na ngozi. Gari la wazi lilikuwa mtihani mgumu kuliko yote. Paa la kudumu hushika pande mbili za bodi zisicheze. Ukiliondoa, bodi hujikunja barabarani, milango ikaanza kukwama na vioo kugongana. Nguvu iliyopotea juu ilibidi irudishwe chini, kwenye sakafu na nguzo za milango, huku chuma cha turubai kikitakiwa kujikunja na kulala bila kuharibu mstari wa nyuma. Mimi humheshimu fundi yeyote aliyeliweza hilo bila kompyuta.

SSJ ilizidi hata hapo. Injini ya Model J, iliyoundwa na Lycoming, ilikuwa na silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 6.9, na vali 4 kwa kila silinda, jambo adimu sana mwaka 1928 gari hilo lilipotangazwa. Kiwanda kilidai nguvu ya farasi 265. Kwa SSJ waliongeza supachaja, pampu ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, na kudai 400, kisha wakaifupisha chesisi hadi inchi 125 kati ya ekseli, ilhali ile ya kawaida fupi ilikuwa na inchi 142.5. Bodi yake nyepesi ilijengwa Connersville, Indiana, ikapewa jina la LaGrande. Yalitengenezwa mawili tu: moja la Cooper, jingine la mwigizaji mwenzake Clark Gable.

Hata hivyo, uchache peke yake haufikishi gari kwenye milioni 22. Kwa kuwa bodi na chesisi vilizaliwa mbali, ilikuwa rahisi kuvitenganisha. Model J nyingi zilianza na bodi kubwa za kufungwa, na baadaye wenyewe wakazing'oa wakaweka za wazi, kwa sababu za wazi ndizo zilizotafutwa. Kuna bodi zilizohamia chesisi nyingine, na injini zilizobadilishwa kama betri. Kwa hiyo mnunuzi makini huanza na namba: ya chesisi, ya injini, na ya bodi. Huzilinganisha na kumbukumbu za kiwanda na picha za zamani, kisha hufuata mlolongo wa wamiliki. Gari la Cooper lilikuwa na mlolongo unaofuatika: mwaka 1949 lilinunuliwa na Briggs Cunningham, mwanamichezo wa magari na mashua, na mwaka 1986 likapita kwa Miles Collier pamoja na mkusanyiko wote wa Cunningham. Bodi ya LaGrande ilikuwa bado juu ya chesisi ile ile iliyojengewa.

Wala haiwezekani kutengeneza lingine kama hilo. Mdororo wa uchumi ulipunguza wateja, na Duesenberg ikafunga mwaka 1937. Baada ya vita, viwanda vya magari madogo vilizidi kuacha fremu iliyo mbali na bodi; bodi yenyewe ya chuma, iliyokandamizwa kwa mashine, ndiyo ikabeba injini na magurudumu. Gari la namna hiyo halina chesisi tupu ya kumuuzia mtu, na karibu wajenzi wote wa bodi walikosa cha kujengea.