Maswali na majibu: "Kumkaribisha njuka" na figo zake

Julai wanafunzi wa kidato cha tano huripoti bwenini, na huku Mbeya, Iringa na Njombe ndio mwezi wa baridi kali.

Kumkaribisha njuka ni kumfanya nini hasa?
Ni kumlazimisha njuka, yaani mgeni wa bweni, timu au kikundi, apitie maumivu, hatari au aibu ndipo ahesabike mwenzenu: kumwagiwa maji usiku wa manane, kurushwa kichura (kuruka umechuchumaa kama chura) mpaka aanguke, kunyweshwa ulanzi (pombe ya mianzi), kuvuliwa nguo mbele za watu. Kumpa zamu ya kufagia bweni kama wengine si unyanyasaji.

Mbona hata jandoni kuna maumivu?
Jandoni kuna mtu mzima wa kuulizwa, na mzazi anajua mwanawe yuko wapi. Bwenini shughuli huanza taa zikishazimwa, na msimamizi ni kijana aliyefanyiwa hayohayo mwaka jana. Ukisikia "patroni asijue", jibu umeshalipata.

Kichura si mazoezi tu?
Hili wengi hawalijui. Asiyezoea akirushwa kichura kupita kiasi, misuli ya mapaja huharibika, na protini yake iitwayo mayoglobini huingia kwenye damu na kuumiza figo. Usiku huo atalala akilalamika kachoka. Kesho au keshokutwa mapaja yamevimba, kuchuchumaa chooni hawezi, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Huyo si wa kukandwa kwa maji moto. Ni wa hospitali siku hiyohiyo, apimwe damu na kuwekewa dripu. Akichelewa, figo zinaweza kushindwa kabisa. Na asipewe diklofenaki ya kutuliza maumivu, maana nayo huzielemea figo.

Maji ya baridi je? Si tunaoga hayohayo kila alfajiri?
Unaoga dakika chache, unajifuta, unavaa sweta. Kusimamishwa nje umelowa, upepo ukivuma, ni jambo jingine. Kutetemeka ni mwili kujitetea. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado wa baridi, akaanza kusema ovyo au kusinzia, hali imekuwa mbaya. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi na kofia, mpeni chai ya moto yenye sukari kama anameza vizuri, kisha hospitali. Pombe ya "kupasha mwili" humzidishia baridi.

Akinyweshwa akazimika?
Mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi, na asiachwe peke yake. Kahawa haisaidii. Msipoweza kumwamsha, au akipumua kwa kusuasua, hospitali mara moja.

Na kama alikubali mwenyewe?
Wiki ya kwanza, kazungukwa na watu ishirini, akikataa atalala wapi? Sheria ya Ufaransa ya 1998 inasema ni kosa hata kama aliyefanyiwa aliridhia. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa au kumdhalilisha aliye chini ya miaka 18.

Mzazi nitajuaje?
Anaomba kuhamishwa na sababu haisemi. Ameanza kukojoa kitandani. Usingizi umempaa. Usianze na "nani kakufanya?" Muulize kwanza amelala vipi na anaumwa wapi, na kama mwili unamuuma, muulize rangi ya mkojo. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, na polisi wana dawati la jinsia na watoto.